Twahara ya Mtu Aishiye na Stoma

Stoma ni tundu ambalo daktari hulifungua tumboni kwa kuuvuta utumbo hadi kwenye ngozi, ili kinyesi kipitie hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa nje. Pale inapokuwa ya kudumu, kama baada ya kuondolewa puru kwa sababu ya saratani kwa njia ambayo Ernest Miles aliieleza mjini London mwaka 1908, mgonjwa huokoka na kifo, lakini hupoteza msuli wa kubana haja, na swali linalobaki si la tabibu: je, mtu asiyeweza kuuzuia uchafu wake ni msafi mbele ya Mungu?

Katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, swali hilo hujitokeza mahali watu wanapokaa bega kwa bega, iwe ni kwenye benchi la kanisa, kilabuni wakati wa pombe ya ulanzi, au ndani ya basi liendalo Mbeya, kwa maana maharage ya jana huweza kuujaza mfuko hewa, na sauti yake haingoji ruhusa ya mwenyewe.

Fikihi ya Kiislamu ililishughulikia jambo hili zamani kupitia istihadha, yaani damu imtokayo mwanamke nje ya hedhi, ambayo Mtume alimwelekeza Fatima binti Abi Hubaish asiache swala kwa ajili yake. Kwa kulinganisha na hukumu hiyo, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, humtaka mwenye udhuru wa kudumu ajisafishe na kutia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na kinachomtoka baadaye bila hiari hakimzuii kuikamilisha. Anayedhani kwamba ruhusa hii ni huruma kwa ibada pungufu hana budi kukumbuka kuwa swala hiyo ni timilifu na hailipwi baadaye.

Biblia nayo iligusa swali la mwili wenye kasoro: Kumbukumbu la Torati sura ya 23 ilimzuia mwanamume aliyejeruhiwa viungo vya uzazi asiingie katika kusanyiko, ilhali Isaya sura ya 56 inamwahidi towashi mshika agano nafasi ndani ya nyumba ya Mungu, na katika Marko sura ya 7 Yesu anauweka unajisi moyoni, si tumboni.

Mwishowe, basi, mapokeo yote mawili hayamhukumu mtu kwa lile asilolimiliki, bali humdai lile aliwezalo: kukata tundu la kibandiko cha mfuko lilingane na stoma, kuosha ngozi kwa maji safi na kuikausha, na kuumwaga mfuko kabla haujajaa. Akishatimiza hayo, wajibu unaobaki ni wa jirani yake, ambaye akisikia sauti ile katikati ya sala hana haki ya kugeuza shingo.