Sauti ya nani inayotoka kwenye spika?

Mfanyabiashara anayefika Mwanza kununua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, haridhiki na kutazama juu ya gunia. Huzamisha mkono mpaka chini, akachota, akatazama kiganjani kama kuna mchanga, kama kuna unyevu, kama dagaa wa chini ni sawa na wale waliopangwa juu wakang'aa. Muuzaji hachukii. Ndiyo biashara. Na sisi Waislamu mkono ule tunaujua. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ilinyeshewa mvua. Akaulizwa, kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione? Likafuata lile onyo kuhusu mwenye kughushi ambalo kila mwanafunzi wa madrasa analijua.

Sasa jambo la kujiuliza ni hili: anayenunua sauti azamishe mkono wapi?

Swali si la mzaha. Sauti leo ni bidhaa. Tamasha likifanyika Uwanja wa CCM Kirumba watu hulipa kiingilio. Wenye harusi hukodi bendi, na taasisi zetu hugharimia vikundi vya qaswida kuja kwenye Maulidi. (Mjadala wa kama muziki wenyewe unafaa au haufai una vitabu vyake na wanazuoni wake, siuingii hapa.) Na kati ya koo la mwimbaji na sikio la msikilizaji kuna chombo kimoja ambacho wengi hawakitazami, kimekaa chini ya turubai na kijana mmoja nyuma yake. Chombo hicho ni mikisa.

Mikisa za zamani zilipitisha sauti kama umeme kwenye nyaya, na fundi mitambo alizungusha vitufe kuongeza na kupunguza. Mikisa ya dijitali inaigeuza sauti kuwa namba. Kila sekunde moja ya sauti inapimwa mara 48,000 hivi, na kikishakuwa namba, kitu chochote kinaweza kufanyiwa hesabu. Yamaha walitoa ProMix 01 mwaka 1994, mojawapo ya mikisa za kwanza za aina hiyo ambazo mtu asiye tajiri sana aliweza kuziota. Mwaka 2012 Behringer wakatoa X32, yenye njia 32 za kuingizia sauti, kwa bei iliyowashangaza waliokuwa wamezoea bei za mikisa kubwa za kumbi za Ulaya. Mikisa kama hiyo inafanya kazi mbili. Jioni inaendesha tamasha, na kwa waya mmoja kwenda kwenye kompyuta inarekodi kila sauti peke yake ikatengenezwe kesho. Inakumbuka mipangilio ya kila wimbo. Fundi anaweza kuiendesha kwa tableti akiwa amesimama katikati ya watu.

Kwa hakika hii ni neema. Mzee mwenye sauti ndogo anasikika. Akina mama walioketi nyuma ya pazia wanaupata mhadhara wote, na ule mlio wa spika unaopasua masikio unadhibitiwa. Mwenye kuilaani mashine hii hajawahi kukaa kwenye mhadhara ambao nusu ya maneno yalimezwa na upepo wa ziwani.

Wapo watakaosema: kama kuitengeneza sauti ni udanganyifu, basi na kipaza sauti chenyewe ni udanganyifu, maana hakuna binadamu mwenye koo la kuufikia uwanja mzima. Hoja hii ina nguvu na isipuuzwe. Lakini hebu tuitazame vizuri. Kipaza sauti kila mtu anakiona. Hakuna anayerudi nyumbani akiamini kuwa mwimbaji ana koo kama honi ya meli. Msikilizaji hakuingizwa imani ya uongo. Wanazuoni wetu wa fiqhi walipozungumzia mnyama ambaye maziwa yake yamezuiwa makusudi siku kadhaa ili kiwele kionekane kimejaa, hawakulaumu kiwele wala maziwa. Kosa ni kwamba mnunuzi aliona kitu akaamini kingine, na kwa imani hiyo akatoa fedha. Ndiyo maana akapewa siku tatu za kumrudisha mnyama, pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokwisha kuyakamua.

Kwa hiyo kipimo ninachokiona mimi ni hiki: mwambie msikilizaji ukweli wote kabla hajalipa. Kama bado angelipa bei ileile, hujamghushi. Kama angeghairi, au angedai apunguziwe, basi ulichomficha ndicho ulichomwibia.

Tukipima hivyo, mambo mengi ya mikisa yanapita salama. Kupunguza besi, kuongeza mwangwi kidogo, kuzuia sauti isipasuke mwimbaji anapokaribia kipaza sauti, hayo hayamghairishi mtu. Hata studio inapita, ingawa haikuwa hivyo tangu mwanzo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na mashine ya kurekebisha noti iliyoteleza. Ukikosea, unarudia upande mzima. Hata Radio Tanzania ilipokuwa ikirekodi bendi za mikoani kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz, bendi nzima ilipiga pamoja chumbani. Msikilizaji wa wakati huo aliichukua santuri kama ushahidi, kwamba watu hawa walikaa mahali fulani wakaimba hivi. Yule aliyemsikia Siti kwenye gramafoni Pemba akaja kumsikiliza Ng'ambo hakukutana na mtu mwingine.

Ushahidi huo umeshavunjika. Mwaka 1997 Andy Hildebrand, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya kuchambua mawimbi ya sauti ili kutafuta mafuta chini ya ardhi, alitoa programu ya Auto-Tune, inayoivuta noti iliyokosea mpaka mahali pake. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaitumia waziwazi, kila mtu akasikia kuwa hiyo ni mashine. Leo kijana wa Igoma anayenunua wimbo wa Bongo Fleva kwenye simu anajua fika kuwa umepikwa kwenye kompyuta, vipande vipande, na hajali. Desturi imebadilika, na fiqhi inaitambua desturi ya watu katika mikataba yao. Aliyepaka ukuta rangi hajamdanganya mtu kuhusu matofali.

Tatizo ni tangazo lile linalobandikwa kwenye nguzo za umeme likiwa na neno moja: laivu.

Neno hilo ndilo mkataba. Mtu anatoka Nyegezi, analipa nauli, analipa kiingilio kinachozidi mara nyingi gharama ya kuusikiliza wimbo uleule kwenye redio. Analipia nini cha ziada? Analipia kuwepo. Anataka kumwona binadamu mwenzake akithubutu mbele ya watu, akiwa anaweza kukosea. Ukimpa pleibeki, yaani wimbo uliokwisha kurekodiwa na mwimbaji akitembeza midomo, umemuuzia hatari ambayo haipo.

Zamani pleibeki ilikuwa rahisi kuigundua. CD ilikwama, au mwimbaji alitupa kipaza sauti juu na sauti ikaendelea. Ndivyo lilivyofichuka kundi la Milli Vanilli la Ujerumani. Mwaka 1989 wakiwa jukwaani Marekani wimbo ulikwama ukarudiarudia kipande kimoja. Februari 1990 walipewa tuzo ya Grammy, na Novemba mwaka huohuo prodyuza wao Frank Farian akakiri kuwa wale vijana wawili hawakuimba hata kwenye santuri. Tuzo ikachukuliwa. Mahakama huko Marekani ikaidhinisha walionunua kazi zao na waliokwenda kwenye maonyesho wadai kurudishiwa sehemu ya fedha. Tazama jinsi binadamu walio mbali wanavyofika penye hukumu ya yule mnyama wa maziwa: rudisha, chukua chako.

Mikisa ya dijitali imeondoa hata huko kukwama. Fundi ana njia moja ya kipaza sauti cha mwimbaji na njia nyingine yenye sauti yake iliyorekodiwa. Mwimbaji akiwa na pumzi, ya kwanza iko juu. Akianza kuhema kwa kurukaruka, fundi anaishusha taratibu na kuipandisha ya pili. Hakuna sikio litakalotambua mpaka. Je, huyo ameimba laivu? Robo? Nusu? Gunia la dagaa wazuri kwa waliolowa limechanganywa kiasi kwamba mkono ukizama haupati kitu cha kushika.

Wengine watasema mbona hata wazee wetu walitumia misaada ya siri. Ni kweli, katika mashindano ya ngoma za Wasukuma kati ya Bagika na Bagalu, mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake, na pande zote mbili zilijulikana kwa kutumia dawa za mvuto. Sisi tunajua la kusema kuhusu dawa hizo, na ni kosa kubwa kuliko ghishi. Lakini haikuwa ghishi. Kila aliyesimama uwanjani alijua kuwa dawa zipo na kila upande unazo. Jambo linaweza kuwa baya bila kuwa uongo, na tukichanganya mabaya yote kwenye kapu moja tutashindwa kuyatibu.

Na yule fundi mitambo je? Ukimuuliza atakwambia yeye ni mtu wa kukodiwa, anafanya anachoagizwa. Lakini hata mpima mizani sokoni si mwenye dagaa wala si mnunuzi, na Sura ya wapunjao vipimo haikumwekea mlango wa kutokea. Kidole kikiwa juu ya mizani, ni kidole cha nani? Mimi simpi kosa lote. Mwandaaji aliyeandika "laivu" na kupokea kiingilio ana mzigo mkubwa zaidi. Hata hivyo fundi ndiye mtu pekee uwanjani ambaye hawezi kusema hakujua. Mwimbaji akiamka na mafua siku ya onyesho, nani atashika kipaza sauti aseme, ndugu zangu, leo mtasaidiwa na sauti iliyorekodiwa? Watu wa Mwanza si wakali hivyo. Wangepiga makofi.

Wapo wasomaji watakaoona haya ni ya watu wa Bongo Fleva. Basi tuje nyumbani. Vipo vikundi vinavyojizuia na ala, vikaandika kwenye kazi zao kuwa ni sauti tupu. Ukisikiliza unasikia ngoma na kinanda. Ukiuliza unaambiwa hiyo yote ni midomo ya watu: mtu aliguna, ukelele ukakatwa na kushushwa kwenye kompyuta ukawa ngoma, mwingine akavuta "aaa" ikarefushwa ikawa kinanda. Kwa maneno, ni kweli. Lakini wale watu wa mji ulio kando ya bahari waliokatazwa kuvua Jumamosi nao, kama wafasiri wanavyoeleza, walitega Ijumaa na kukusanya Jumapili, na kwa maneno hawakuvua Jumamosi. Sisi wa ziwani kisa hicho kingetuuma zaidi kuliko wengine. Anayekataza ala kwa sababu ya chombo chenyewe atasema hakuna tatizo. Anayekataza kwa sababu ya inachomfanyia msikilizaji atasema ni ileile imevaa kanzu. Sitawaamulia. Ila mnunuzi aliyechagua "bila ala" ana sababu yake ya dini, na haki yake ni kuandikiwa hapohapo kuwa sauti hizi zimegeuzwa kwa mashine. Aamue mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni dogo kuliko hayo, na halina kiingilio. Kwenye baadhi ya Maulidi na mahafali, watoto wa madrasa hupangwa mstari mbele ya wageni, kanzu nyeupe na hijabu zimepigwa pasi, na qaswida inatoka kwenye flashi. Imerekodiwa studio, imenyooshwa, haina kosa. Pengine ni ya miaka miwili nyuma, na mtoto aliyeongoza amekwisha baleghe sauti imekuwa nzito, au wazazi wake wamehamia Geita. Aliyesimama mbele leo anatembeza midomo kwa sauti ya mwingine. Kwa kipimo changu hakuna aliyeghushiwa, kwani hakuna aliyelipa. Mama yake anamrekodi kwa simu huku machozi yanamtoka. Lakini mtoto mwenyewe anajua. Kipaza sauti alichokishika kimezimwa kule kwenye mikisa, na ustadhi wake ndiye aliyeagiza kizimwe, ili asije akakosea mbele ya mgeni rasmi.