Letusi ya Chunguni na Swali la Kazi Isiyodumu

Letusi inayopandwa chunguni au kwenye ndoo nyumbani haina maisha marefu. Mbegu huota ndani ya wiki moja hivi, majani ya kwanza huchumwa baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, na baada ya hapo haukawii mwisho wake: ama imeliwa, ama imetoa maua na majani yamekuwa machungu. Ufupi huo ndio uliouingiza mmea huu katika falsafa zamani sana, kwenye swali ambalo dini nazo zimelishughulikia: je, kazi ambayo zao lake halidumu inastahili kufanywa kwa dhati?

Mahali swali hilo lilipochukua sura ya mboga ni Athens, katika karne ya 5 na ya 4 KK. Kila mwaka wanawake wa mji huo waliadhimisha kifo cha Adonis, kijana aliyependwa na mungu wa kike Aphrodite akafa angali mbichi. Walijaza udongo kwenye vyungu na vigae, wakapanda letusi, shamari, ngano na shayiri, kisha wakavipandisha kwa ngazi hadi juu ya paa. Katika jumba la makumbusho la Karlsruhe, Ujerumani, kuna chupa ya udongo ya wakati ule iliyochorwa tendo hilo. Mwanamke amesimama ngazini, na anachokabidhiwa ni nusu ya mtungi uliovunjika, shingo ikiwa chini, miche ikichungulia pale ulipovunjikia. Miche hiyo iliota upesi na kunyauka upesi. Wanawake waliililia pamoja na Adonis, na mwishowe ikatupwa baharini au kwenye chemchemi. Letusi ilikuwa na sababu ya kuwamo: masimulizi ya Wagiriki yalisema kwamba Aphrodite aliulaza mwili wa Adonis katikati ya letusi, na mshairi mmoja wa vichekesho akaiita chakula cha maiti.

Plato aliichukua desturi hiyo akaifanya hoja. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, Socrates anauliza kama mkulima mwenye akili, aliye na mbegu anazozithamini, angezipanda wakati wa joto katika bustani za Adonis ili afurahie kuziona zikipendeza kwa siku 8. Jibu ni kwamba angefanya hivyo kwa mchezo tu, siku ya sikukuu. Mbegu anazozijali angezipanda kwenye udongo unaozifaa, kwa kufuata kanuni za kilimo, na angeridhika zikikomaa katika mwezi wa 8 tangu kupandwa. Shabaha ya Plato ni maandishi: maneno yaliyoandikwa ni bustani ya chunguni, ilhali mafundisho yanayopandwa ndani ya nafsi ya mwanafunzi huzaa mbegu, na mbegu hizo huzaa nyingine bila kikomo.

Hoja hiyo ina vipimo viwili, na ni vyema kuvitenganisha, kwa kuwa Plato anavitaja kwa pumzi moja. Cha kwanza ni ujuzi. Miche ya Adonis ilikufa kwa sababu mazingira yalichaguliwa ili ife. Mbegu nyingi za letusi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 30 hivi za joto, na tabaka jembamba la udongo juani, juu ya paa, hukauka kabla mizizi haijashika. Anayetaka kula hufanya kinyume cha hayo yote. Huchagua chombo chenye kina cha sentimita 15 hadi 20, hukitoboa chini ili maji yasituame, huchanganya udongo na mboji iliyoiva, na mbegu huzifunika kwa vumbi la udongo tu, kwani mwanga huzisaidia kuota. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam huongeza kivuli kuanzia saa za adhuhuri na maji kidogo asubuhi na jioni. Huyu hachezi. Anafuata tabia ya mmea kwa uangalifu uleule ambao Plato aliutaka kwa mkulima wa shamba, na kwa kipimo hiki chungu hakina kosa lolote.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Plato anadai kazi ya dhati iache mbegu, na letusi huliwa kabla ya kufika huko. Hapa mwanafunzi wake Aristotle ana neno la kusema, na neno lenyewe lina pande mbili zinazovutana. Katika kitabu chake kuhusu nafsi anaeleza kwamba kazi iliyo ya asili kuliko zote kwa kiumbe hai ni kuzaa kingine kilicho kama yeye, maana hiyo ndiyo njia ya pekee ya kiumbe anayekufa kushiriki katika yale ya milele. Katika kitabu chake cha siasa anasema mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya binadamu. Ni vigumu kuona mmea ambao mvutano huo umejitokeza waziwazi kama letusi. Majani yake ni laini na matamu kwa muda ambao mmea bado haujaanza kazi yake wenyewe. Shina linapoanza kurefuka kuelekea maua, utomvu mweupe huongezeka na majani hayaliki kwa uchungu. Marabi wa Talmudi waliliona jambo hilo: walipoijadili mboga chungu inayoliwa katika Pasaka ya Wayahudi, waliipa letusi nafasi ya kwanza, kwa kuwa huanza tamu na kuishia chungu, kama Wamisri walivyowatendea mababu zao.

Mvutano huo, hata hivyo, una njia ya kupita. Maua ya letusi ni madogo, ya manjano, na hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Mche mmoja tu ukiachwa pembeni ukomae, hutoa mamia ya mbegu, na mara nyingi maelfu, kila moja na kishungi chake cheupe cha kupeperushwa na upepo. Mwenye vyungu vitano anaweza kula vinne na kukiacha cha tano kitimize kile Aristotle alichokiita kazi ya kiumbe hai. Bustani iliyokuwa mfano wa utasa kwa Plato inakuwa na uzao, na haikuhitaji hata kuhamishwa kutoka barazani.

Dini nazo hazikuuweka mzani pale alipouweka Plato. Sura ya Al-Waaqia katika Kurani inamuuliza binadamu kama ni yeye anayeotesha anachokipanda, na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anamwachia Mungu suala la kukua, akiwabakishia watu kupanda na kutia maji. Mtazamo huo unamwondolea mkulima deni la matokeo lakini haumwondolei kazi. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Anas bin Malik inahesabu kuwa sadaka chochote kinacholiwa na ndege, mtu au mnyama kutokana na alichopanda Mwislamu, na hapo kuliwa, ambako kwa Plato kungekuwa hasara ya mbegu, ndiko kunakoandikiwa thawabu. Nyingine, iliyopokewa naye pia, inakwenda mbali zaidi: Kiyama kikifika na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande.

Kwa nje, mtu huyo wa hadithi anafanana na wanawake wa Athens, kwani wote wanapanda kitu kisichokuwa na kesho. Tofauti iko kwenye nia. Wanawake walipanda ili mche ufe, waulilie. Yeye anaupanda kama mche unavyostahili kupandwa, na urefu wa maisha yake hauingii kwenye hesabu. Mpanzi wa letusi chunguni, anayejua tangu anapofukia mbegu kwamba baada ya wiki chache chombo kitakuwa kitupu, yuko karibu zaidi na huyu wa pili.