Ndege wa Mwisho wa Kiangazi, Tabora

Mwezi Septemba, mbuga za Tabora zinapokauka kabisa, ndio wakati mwafaka wa kutazama ndege. Mto Ugalla hupungua na kubaki madimbwi, samaki hubanana humo, na yangeyange, minandi na korongo hufuata chakula. Magharibi zaidi, upande ilikopita misafara ya zamani kwenda Ujiji, liko bonde oevu la Malagarasi-Muyovozi, lililoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani, la kwanza kwa Tanzania. Humo anaishi korongo nyangumi, mwenye domo pana kama kiatu. Huweza kusimama muda mrefu bila kutikisika, na wasio na subira humkosa. Hapo ndipo marafiki wanapofaana: mmoja hushika darubini, mwingine hutega sikio.

Katika misitu ya miombo, sikio ndilo linalofaa zaidi. Mlembe hulia bila kukoma huku akiruka mti hadi mti, akimwongoza mrina asali mpaka kwenye nyuki. Binadamu huchukua asali, yeye hula nta na majana. Mapatano ya haki kuliko mengi ya sokoni. Warina wa Unyamwezi, nchi hii ya Tabora, walimjua kabla Mjerumani Richard Böhm hajafika mwaka 1880 kukusanya ndege, yule ambaye jina lake limebaki kwa aina moja ya keremkerem.

Mvua za Novemba zikianza, korongo weupe huwasili kutoka Ulaya, lakini udongo mweusi wa mbuga hunasa magari, na safari nyingi huahirishwa hadi kiangazi kingine.