Kuvutana Bei: Je, Ni Uongo?

Jumapili iliyopita tukiwa tumejibanza kwenye kibaraza tukingoja mvua ipungue, ndugu mmoja alitutupia swali. Mtu aliyeokoka anaingia sokoni, anaambiwa kitu ni mia tano. Anakigeuza-geuza, anakunja uso, anasema ni kibaya, hakifiki hata mia mbili. Na moyoni anakitaka sana. Je, huyo amesema uongo?

Watu walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu kuna sweta moja nyumbani kwangu iliyonijia akilini mara moja.

Hapa kwetu Shieywe kuna duka dogo la nyuzi. Ukiingia, ukutani zimepangwa rangi za shule: maruni, kijani, bluu, kijivu. Karibu na mlango kuna benchi ambayo haikosi akina mama wanaoshona krosheti, vile vitambaa vya kufunika makochi ambavyo nyumba ya Mluhya bila hivyo wageni wanajiuliza kuna nini. Kukhu mmoja hukaa kwenye kona, akifuma kofia za watoto wachanga bila hata kutazama mikono yake. Mwenye duka ana daftari la kuandika nani amewekewa nyuzi za rangi gani, maana uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na bluu ya leo na bluu ya mwezi ujao zinaweza kupishana. Ukinunua kidogo kidogo bila kuwekewa, utapata sweta yenye mkono wa rangi yake.

Mwenye duka huyo ndiye pia fundi. Shule zilipokaribia kufunguliwa nilienda kumchukulia mtoto sweta. Akaniambia 1,200. Nikamwambia, "Dada, si sisi ni watu wa kanisa? Nifanyie bei ya wapendwa." Akatabasamu, akashuka hadi 1,000. Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimezoea soko, kwa hivyo nikainua sweta kwenye mwanga nikasema, "Na hii mikono si imepinda? Huu mmoja ni mrefu." Nilisema tu. Sikuwa nimeona kitu. Tukavutana, na nje mvua ya alasiri ikaanza kugonga mabati, duka halina mteja mwingine. Akanipa kwa 700. Nilifika nyumbani nikamwonyesha mama watoto kama mtu aliyeshinda kesi.

Mithali 20:14 inamjua mtu huyo vizuri. Inamweleza mnunuzi anayekitukana kitu mbele ya muuzaji, kisha akishaondoka anajisifu. Nimeisoma aya hiyo miaka mingi nikidhani inahusu wafanyabiashara wakubwa.

Sasa, tuseme ukweli, kuvutana bei si dhambi. Ni desturi yetu, na muuzaji mwenyewe huanza juu akijua utamshusha. Kama wote wawili wanajua ni mchezo, nani amedanganywa? Ukiwa kwenye mitumba ukasema shati limechakaa, muuzaji anacheka, anatupa lingine. Hakulishona yeye. Wala sisemi kila mtu alipe bei ya kwanza. Kuna mama ana watoto wanne wa kuvalisha mwezi mmoja, na akisema "sina zaidi ya hii" anasema kweli tupu. Huyo apunguziwe, na apunguziwe kwa furaha.

Lakini kitu cha mkono kiko tofauti, na nilikuja kukielewa kwa hesabu. Mama watoto alianza kujifunza kufuma kwenye lile benchi, na jioni moja nikahesabu kazi yake nikiwa sina la kufanya. Mbele ya sweta ya mtoto kuna vitanzi kama 70 kwa mstari, na mistari kama 100. Hiyo ni 7,000. Mgongo vile vile. Mikono miwili, kila mmoja karibu 4,000. Jumla 22,000, na kila kimoja kimepita kwenye sindano kwa vidole vya mtu. Nikamuuliza uzi wa sweta kama ile ni pesa ngapi. Akasema madonge matano, kama mia tano hivi. Basi katika zile 700 nilizolipa, fundi alibaki na 200 kwa vitanzi 22,000, kodi ya duka bado.

Mtu atasema: lakini si alikubali mwenyewe? Hakushikiwa bunduki. Ni kweli alikubali. Alikubali siku ya mvua, bila mteja mwingine, wiki ambayo kila mzazi anatafuta karo, na yeye ni mzazi. Kukubali kwa mtu ambaye hawezi kukataa ni kukubali kwa aina gani? Na lile neno "watu wa kanisa" nililitumia upande mmoja tu. Kama undugu unampunguzia mnunuzi, mbona haumwongezei fundi?

Angalia Ibrahimu. Katika Mwanzo 18 anavutana na Mungu mwenyewe juu ya Sodoma, kutoka watu 50 anashuka hadi 10. Hakuna mtu aliyejua kushusha kama mzee huyo! Lakini sura ya 23, anapotaka shamba na pango la Makpela amzike Sara, Efroni anataja shekeli 400 za fedha, na Ibrahimu anazipima zote mbele ya watu. Hakusema pango lina unyevu. Mahali pa kwanza alikuwa akiwaombea wengine, na hakutukana kitu chochote ili apewe. Mimi nilifanya kinyume mara mbili.

Nilirudi dukani na shilingi 500 ndani ya bahasha. Nilikuwa nimepanga maneno. Kukhu alikuwa kwenye kona yake, kwa hivyo ilibidi niseme mbele yake pia, na pengine ilikuwa vyema. Nikamwambia fundi kwamba siku ile mikono ya sweta haikuwa imepinda, nilisema tu ili anipunguzie.

Aliweka sindano chini. Akasema, "Pesa nilishasahau. Hata ukipunguziwa, hiyo ni biashara. Lakini ulipoenda nilianza sweta nyingine ya bluu, nikaifumua mkono mara mbili. Nilikuwa nautafuta huo urefu ulioona. Nilifikiri macho yangu yameanza kuisha."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kulipa 500, na kumbe deni lilikuwa jingine kabisa: jioni mbili za kazi iliyofumuliwa, na mwanamke fundi akiogopa macho yake kwa sababu ya neno nililolitupa kama maganda ya ndizi. Tukaomba pamoja hapo, kukhu naye akaitikia amina bila kuacha kofia yake. Bahasha aliikataa mara ya kwanza. Mara ya pili aliichukua, akaandika kwenye daftari jina la mtoto wangu na madonge matano ya bluu, ya mwaka ujao, maana mtoto anakua.

Usiku huo niliichukua ile sweta kwenye kamba nikaipima mikono kwa tepu. Yote miwili ni inchi 15.