Mwenye Kurundika Vitu: Ni Bakhili au ni Mgonjwa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Yuko mtu ambaye nyumba yake imejaa mikebe mitupu, magazeti ya kale na nguo mbovu, hata kitandani hapana pa kulala wala mlango haufunguki vyema. Jirani humwita bakhili. Watoto humcheka njiani. Na jamaa zake, kwa kuona haya, hungoja asafiri wakavitia vitu vyake moto.

Yawapasa Waislamu kupambanua mambo mawili. La kwanza ni ubakhili, nao ni dhambi: Sura ya Humaza yamlaumu akusanyaye mali na kuyahesabu, akidhani kuwa yatamfanya aishi milele. La pili ni maradhi. Bakhili huzuia chenye thamani kwa kupenda mali. Mgonjwa huyu huzuia hata kisicho na thamani, na akiambiwa akitupe hushikwa na huzuni na hofu kana kwamba azika mtu wake.

Matabibu wa Marekani waliyapa maradhi haya jina lake peke yake mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likayatia katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mara nyingi huanza ujanani, yakazidi uzeeni. Na msiba huweza kuyazidisha.

Madhara yake si madogo. Katika mji wa New York walikaa ndugu wawili, Homer na Langley Collyer. Homer alikuwa kipofu, na Langley ndiye aliyemlisha. Magazeti yaliwasimulia kama kioja. Mwezi wa Machi 1947 Homer alikutwa amekufa. Na mwezi wa Aprili Langley akaonekana karibu yake, chini ya marundo yaliyomwangukia. Kipofu alikuwa amekosa wa kumlisha. Vitu vilivyotolewa nyumbani mle vilipita tani 100.

Basi jamaa afanyeje? Asichome wala asitupe kwa siri. Mali ya mtu ni haramu kwa mwingine bila ya ridhaa yake. Na nyumba iliyosafishwa kwa nguvu aghalabu hujaa tena, na mwenyewe huzidi kuficha. Aanze na njia ya kutokea na mahali pa jiko, kwani Uislamu haukumruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Kisha akae naye, kitu kimoja kimoja, na mwenyewe ndiye aamue. Na ampeleke kwa tabibu wa maradhi ya nafsi, kwani dawa yake kubwa ni mazungumzo, na mazoezi ya kuamua na kuacha.

Sura ya Nisaa, ilipokataza wasio na busara wasikabidhiwe mali, papo hapo iliamrisha walishwe, wavikwe na kuambiwa maneno mema. Ikiwa hao haki yao ni neno jema, mgonjwa atanyimwaje?

Na mgonjwa naye asikate tamaa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa illa na dawa yake imeteremshwa. Leo na atoe kitu kimoja kwa hiari yake, na kesho kingine.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na azilainishe nyoyo za jamaa zao. Amin.