Mizani, Kinu na Daftari: Nasaha kwa Wenye Maduka ya Viungo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatuharamishia riba. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanya biashara, na watu wa Makka wakimwita Mwaminifu. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mara nyingi tusikiapo neno ibada, mawazo yetu hukimbilia msikitini. Leo napenda tuingie mahali ambapo wengi wetu hukaa saa nyingi zaidi kuliko msikitini, nako ni dukani. Wala sikusudii maduka makubwa ya matajiri. Nakusudia duka dogo la viungo la mitaa yetu, la baba na mama na watoto, lenye magunia ya iliki na mdalasini mlangoni, ambalo harufu ya karafuu yake waisikia tangu pembe ya njia. Mimi nimelelewa katika duka kama hilo, na mengi ya nitakayoyasema sikuyasoma vitabuni, bali yalinipata mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa akitoka sala ya alfajiri akienda moja kwa moja kufungua duka. Lakini kazi ya duka ilikuwa imeanza tangu jana yake nyumbani. Mama yangu na dada zangu wawili ndio waliochagua mawe na vijiti katika bizari nyembamba, wakakaanga giligilani, wakatwanga manjano katika kinu mpaka mikono yao ikageuka rangi. Sisi wanaume wawili tulikaa mbele, tukapima na kupokea fedha. Wanunuzi walituona sisi tu. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Kwanza, mizani. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima iitwayo kwa jina la wapunjao vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin, na imeanza kwa kuwaonya watu hao na adhabu. Mwenye kuuza viungo ana hatari zaidi, kwani bidhaa yake huuzwa kwa vipimo vidogo. Apunjaye kidogo katika gunia la mchele huenda asidhuru sana. Lakini apunjaye kiasi hicho hicho katika zafarani au iliki ameiba sehemu kubwa ya fedha ya mwenziwe. Serikali ina sheria ya mizani na vipimo, nayo yataka mizani ikaguliwe na kutiwa muhuri. Ajabu ni kuwa wako wanaofurahi mkaguzi asipopita! Na ajabu kubwa zaidi ni mtu kutundika hirizi juu ya mlango ili wanunuzi waje, na chini ya hirizi hiyo mizani imepinda. Ndugu yangu, baraka haiandikwi kwa zafarani ikatundikwa. Baraka hukaa katika kitanga cha mizani, au hutoka humo.

Pili, kughushi, na hapa ndipo penye balaa kubwa. Ilipokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyoroa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni, ndugu zangu: yule mtu hakutia mchanga wala sumu. Alificha unyevu tu.

Basi na sisi je? Wako wachanganyao mbegu za papai zilizokaushwa katika pilipili manga, kwa kuwa zafanana nayo. Wako wauzao karafuu iliyokwisha kukamuliwa mafuta, haina nguvu wala harufu. Mama wa nyumbani akitaka kujua, na atie katika gilasi ya maji: pilipili manga nzima na karafuu njema kwa kawaida huzama, na mbegu za papai na karafuu iliyokamuliwa huelea juu. Maji hayasemi uwongo, ingawa muuzaji asema.

Na mambo haya si ya hasara ya fedha peke yake. Katika nchi ya Bangladesh, ilidhihirika kwa utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuwa manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Wenye kusaga walieleza kuwa mtindo huo ulianza katika miaka ya 1980, mafuriko yalipoilowesha manjano ikafifia rangi, na wanunuzi wakawa waikataa. Mwanzo wake ulikuwa unyevu, kama lile rundo la sokoni! Na risasi huharibu bongo za watoto wadogo, haina kiasi kinachojulikana kuwa salama. Serikali yao ilipowatoza faini wauzaji na kuwaonya watu, manjano yaliyopimwa katika masoko yao mwaka 2021 hayakuonekana tena na rangi ile. Basi dhambi hii yaweza kuachwa, watu wakitaka.

Mimi mwenyewe nilianguka katika mlango huu. Nilipokuwa kijana, masika moja gunia la pilipili kavu lilivujiwa na paa, likaota ukungu. Nikaona ni hasara kulitupa. Nikaichanganya pilipili ile na nyingine nzuri, nikaipeleka kusagwa. Baba alipoifungua akainusa, akaniita.

"Mwanangu, hii umeichanganya?"

"Naam, baba. Ni kidogo tu."

"Na wewe utaila?"

Sikujibu. Akaichukua yote, nzuri na mbovu, akaifukia shimoni mbele ya macho yangu, wala hakunipiga. Wakati ule niliona amezidisha. Leo najua kuwa ukungu wa namna ile huweza kuzaa sumukuvu, na kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kusagwa wala haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya nchi yetu ya Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Yale yalikuwa mahindi, na watu huyala kwa wingi kuliko pilipili; lakini sumu ni ile ile, na muuzaji aijuaye kisha akaificha hana la kujitetea mbele ya Mola wake.

Tatu, daftari la madeni. Hapa nitasema kwa ufupi, kwani ni jambo lililo wazi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile iamrishayo deni liandikwe. Usione haya kumwandika jirani yako, wala yeye asione ametukanwa. Kisha akiwa na dhiki, mpe muda; na ukimsamehe ni bora zaidi kwako. Lakini ewe mwenye kukopa, dhiki isiwe kisingizio chako. Wako wanunuao bizari ya pilau kwa mkopo kwa karamu ya watu mia, kisha wapitao njia ya nyuma mwaka mzima wasimwone mwenye duka. Duka dogo haliui na mwizi. Huuawa na rafiki asiyelipa. Na mwaka ukitimia, mwenye duka naye ahesabu bidhaa zake kwa bei ya siku hiyo, na ikiwa zimefikia kiwango cha sharia, atoe zaka, fungu moja katika arobaini.

Nne, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: duka baada ya kufa mwenyewe.

Baba yangu alipofariki, alituacha mama yetu, dada zangu wawili, ndugu yangu na mimi. Matanga yalipokwisha, sisi wanaume wawili tulifungua duka kama kwamba ni letu. Hapana aliyeuliza, na hapana aliyejibu. Miaka saba ikapita. Siku moja dada yangu mkubwa akaja kununua bizari. Nikampunguzia bei, na moyoni nikajiona nimemfanyia hisani. Akanitazama akatabasamu, akasema, "Ndugu yangu, wanipunguzia bei ya mali yangu mwenyewe?"

Wallahi usiku ule sikulala. Nilikumbuka mikono yake ilivyokuwa ya manjano kwa kutwanga. Mimi nisiyekosa sala ya jamaa, nisiyepunja mizani, nilikuwa kwa miaka saba nikila haki ya dada zangu na ya mama aliyenizaa, na watu wakiniita mtu wa dini.

Tukaenda kwa mwanachuoni, akatupigia hesabu. Baada ya madeni na wasia, mali yote ikawa mafungu 48: mama yetu thumni, mafungu 6, kila mwanamume mafungu 14, kila mwanamke mafungu 7. Hesabu yenyewe haikuchukua hata robo saa. Miaka saba yote ilipotea kwa kuwa hatukutaka kuuliza! Tulikadiria faida ya miaka iliyopita, tukakubaliana nao ujira wa kazi yetu, na kilichobaki tukawalipa kidogo kidogo, tukawaomba radhi. Duka halikufa. Limepungua, lakini nalala.

Enyi ndugu zangu, msiseme kuwa dada zetu wamesamehe kwa kuwa wamenyamaza. Mwanamke wa kwetu hunyamaza kwa kuogopa kuitwa mroho, au kuogopa kukosa pa kukimbilia atakapoachwa. Kunyamaza kwa namna hiyo si radhi. Mpe kwanza haki yake mkononi mwake. Kisha akitaka kukurudishia kwa hiari yake, hiyo ndiyo zawadi. Na kugawa si lazima kuvunja duka. Warithi waweza kubaki washirika, kila mmoja na fungu lake limeandikwa, na faida ikagawanywa kila mwaka. Mkikhitalifiana, mahakama ya Kadhi iko, nayo imetambuliwa na katiba ya nchi ya mwaka 2010 katika mambo ya urithi wa Waislamu.

Basi kila mwenye duka na aanze leo. Na aitazame mizani yake kabla hajaitazamiwa. Na atie mkono ndani ya magunia yake kabla ya Siku ambayo kila kilichofichwa kitatolewa nje. Na usiku akifunga mlango, ajiulize: katika fedha hizi, ya nani imo isiyo yangu?

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, tuepushe na haramu yako, na uwarehemu wazee wetu waliotufundisha. Amin.

Wabillahi Tawfiq.