Zebaki ya Usoni

Isaka ni bandari isiyo na bahari. Shehena ya Rwanda na Burundi hushushwa garimoshini ikapakiwa malorini, na pamoja nayo hupita picha ya mwanamke mweupe wa uso, nywele zimelala, ameketi.

Na itazamwe vyema. Mwanamke huyo hachoti maji, hapondi mawe, wala hapigwi na jua. Kiuzwacho ni kule kuketi. Binti auzaye uji kando ya malori huambiwa, pasi na neno kutamkwa, kwamba unyonge wake umo katika rangi yake, si katika kipato chake.

Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania, mkorogo haujakoma. Zebaki hiyo hiyo, kwa wachimbaji wadogo wa Geita, hunasa dhahabu mchangani, kisha huchomwa, na mchomaji akavuta moshi wake. Usoni huzuia weusi usijengeke, na figo ndizo zilipazo.

Watu wa pwani wasicheke. Unguja, kabla ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa. Waliokombolewa waliitupa wakajifunga kanga, wapate kuonekana waungwana. Pambo lilitangaza daraja tangu hapo. Ila kanga huvuliwa jioni.

Je, alaumiwe binti? Wengi humhimiza ajipende alivyoumbwa. Baadhi yao, siku wakitafuta msichana wa mapokezi, humpita yeye wakamchukua aliyefanana na picha.